Ni klima ao ni nyavu? Tusome vizuri ile makala ya Tanganyika

Bandugu wasomi wa Kolwezi, ndakala zikipanda bei sokoni, jibu linakuja mbio: "Ni juu ya klima." Mwenye anataka ushahidi anataja makala ya Catherine O'Reilly na wenzake, iliyotoka katika gazeti Nature mwaka 2003. Ni kazi nzuri. Lakini tunaitaja kuliko tunavyoisoma.

Hoja yake ni hii. Ziwa Tanganyika liko na tabaka mbili: juu maji ya moto, chini maji ya baridi, yenye kubeba chakula cha mimea midogo. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya juu kuelekea Uvira na Bujumbura. Kule Mpulungu, maji ya chini yanapanda. Upepo ukitulia, mpaka wa tabaka unayumba, sawa maji ndani ya beseni uliyoinamisha halafu ukaachilia. Hayo njo mawimbi ya ndani. Juu ya maji huyaoni, lakini kwenda na kurudi kwao kunachukua karibu mwezi mzima, na yanasaidia kupandisha chakula. Joto likizidi na upepo ukipunguka, tabaka zinakuwa nzito kuchanganyika. Waandishi walikadiria uzalishaji umeshuka kama 20%, na samaki kama 30%.

Uzuri wake: inaeleza njia yote, toka hewani mpaka kwenye sahani.

Udhaifu wake ni mbili. Kwanza, vipimo vya zamani, kuanzia 1913, vilitoka kwa safari chache. Ukipima siku moja karibu na mpaka wa tabaka, unaweza kukuta wimbi liko juu ao liko chini, ukafikiri ziwa lenyewe limebadilika. Maji ya chini kabisa njo shahidi mzuri zaidi. Pili, ile 30% ni hesabu iliyotolewa kwenye uzalishaji. Hakuna mtu aliyehesabu samaki moja moja. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake walijibu kwamba mavuno yanafuata zaidi namna watu wanavua.

Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walisoma matope ya chini ya ziwa: samaki walianza kupunguka mbele ya uvuvi mkubwa wa biashara. Basi klima iko na mkono. Lakini hiyo haisafishi nyavu. Ziwa lenye kuzaa kidogo linaomba nyavu chache, si nyingi. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake toka 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Mwenye kusema "ni klima tu" anamwambia mvuvi wa Kalemie kwamba kufunga vile ni kazi bure. Mwenye kusema "ni nyavu tu" anamubebesha yeye peke yake muzigo wa dunia nzima.

Na wewe mwenye kutafuta mada ya TFC: Ziwa Nzilo liko hapa karibu. Tundika vipima-joto kwenye kamba, kila kimoja na kina chake, uviache mwaka mzima. Siku moja haitoshi.