Usukani wa Waya

Kando ya barabara itokayo Mau Narok kuteremkia Njoro, mahali ambapo malori ya viazi hupunguza mwendo kwa sababu ya kona na matope, niliwahi kumtazama mvulana mmoja aliyeketi juu ya gogo la mkaratusi, koleo lenye kutu mkononi na shada la waya magotini, akiunda lori. Hakuwa na mchoro wala kipimo, wala mwalimu wa kumsimamia. Lakini kila lori lililopita aliliinulia uso, akalifuatisha macho mpaka likapotelea katika ukungu, kisha akaurudia waya wake na kuukunja upya pale alipokuwa ameuacha, pengine kwa upana wa ukucha mmoja tu, maana lori lililopita lilikuwa limemfahamisha kwamba pua ya gari lake imekaa juu kupita kiasi. Nilisimama pale kitambo, naye hakunijali, kwa kuwa mtu aliyezama katika kazi yake hana wasaa wa watazamaji.

Ufundi wa gari la waya aghalabu hupitwa na watu wazima ukihesabiwa mchezo wa watoto wasio na vya kuchezea, na kwa sababu hiyo haukupata mtetezi ulipoanza kupotea. Mimi nauhesabu kuwa fani kamili yenye hadhi yake, na nasema kwamba kabla ya kuwa kazi ya vidole ni kazi ya macho. Kwani mtoto hawezi kuukunja waya ukawa lori mpaka kwanza awe amelitazama lori lenyewe kwa makini ambayo mwenye lori pengine hakuwahi kuwa nayo. Mau Narok, iliyo juu ya safu za Mau kwa zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, ni nchi ya ngano, shayiri, pareto na viazi, nchi ya baridi na jalidi, ambako mashine hazikosi barabarani wala shambani. Na watoto wa huko walikuwa wanafunzi wa mashine hizo bila ya kuandikishwa katika darasa lolote.

Nitatoa ushahidi mmoja, nao naupenda kuliko mwingine wowote. Katika msimu mmoja wa kuvuna ngano, wakati wavulana wengine walipokuwa wakiunda matrekta na magari madogo, mmoja wao alikusudia kuunda kombaini, na kwa siku kadhaa hakucheza na mtu, bali alikwenda kukaa ukingoni mwa shamba, kidevu juu ya magoti, akiitazama mashine ile kubwa ikienda na kurudi katika vumbi la makapi. Alipoileta kazi yake uwanjani wenzake walimcheka, kwa kuwa usukani alikuwa ameufunga kwenye magurudumu madogo ya nyuma, hali kila mmoja wao aliamini kwamba chombo hukata kona kwa magurudumu ya mbele. Hakubishana nao. Aliwachukua hadi shambani, akawaonyesha kombaini ikigeuka mwisho wa mstari, kinywa chake kipana kikisogea taratibu na mkia wake ukizunguka upesi. Kwani ni kweli, kombaini ya ngano huongozwa kwa magurudumu ya nyuma. Watu wazima waliokuwa wamefanya kazi katika shamba lile miaka na miaka, wakipakia magunia ubavuni mwa mashine ileile, hawakuwa wameliona jambo hilo. Mtoto aliliona, kwa sababu alikuwa na haja nalo: alitaka kuiunda, na mwenye kutaka kuunda hawezi kutazama kwa macho ya mpita njia.

Baada ya macho hufuata mikono, nayo ilikuwa na adabu zake. Waya mnene ulitengwa kwa ajili ya mifupa ya gari, na mwembamba kwa kufungia viungo. Na fundi mwenye kujiheshimu hakuacha ncha ya waya ikichomoza nje, bali aliikunjia ndani ili isimkwaruze mtu. Matairi yalikatwa kutoka katika soli za ndara zilizochakaa, kifuniko cha mkebe wa rangi ya viatu kikawekwa juu yake kiwe kipimo cha duara, na tundu la katikati likatobolewa kwa msumari uliotiwa motoni, ndipo harufu ya mpira ulioungua ikajaa ua mzima na mama mtu akauliza kwa sauti ni nani anayetaka kuiteketeza nyumba. Walio hodari waliuzungusha waya mwembamba juu ya msumari hata ukawa springi, wakaiweka chini ya bodi, gari likawa linainama na kuinuka katika mashimo kama vile vyombo vya kweli vinavyofanya. Vizibo vya soda vilikuwa taa. Kipande cha mpira wa tyubu kilikuwa kamba, na ndicho kilichoshika kila kitu ambacho waya haukuweza kukishika.

Lakini roho ya gari ilikuwa usukani, yaani ule waya mrefu uliopanda kutoka mhimili wa mbele hadi usawa wa kiuno cha dereva, ukaishia kwa duara iliyoviringishwa kitambaa ili isiumize kiganja. Dereva alikwenda nyuma ya gari lake kwa miguu, akalisukuma na kuliongoza kwa mkono uleule. Alipoigeuza duara kidogo magurudumu yaligeuka kidogo, na gurudumu lilipogonga jiwe, pigo lake lilipanda kwa njia ileile mpaka mkononi. Hapakuwa na siri baina ya mkono na ardhi. Mtoto alihisi tofauti ya udongo mkavu na udongo mbichi, ya changarawe na majani, akajifunza kupunguza mwendo kabla ya kona na si ndani yake. Na kwa kuwa gari halikuwa na injini, injini ilitoka kinywani: mngurumo mzito wa lori lenye mzigo likipandisha mlima kutoka Njoro, kimya kifupi cha kubadili gia, kisha mngurumo wa chini zaidi, na pumzi kali ya breki za upepo mwisho wa safari. Palikuwa na watoto walioweza kukutambulisha lori kwa mlio kabla halijatokea kwenye kona.

Waya huo nao una historia yake, ambayo ni sehemu ya utukufu wa ufundi huu. Seng'enge ziliingia katika nyanda hizi pamoja na walowezi waliofuata nyayo za Lord Delamere, aliyeanza kulima Njoro mwanzoni mwa karne ya ishirini. Zikatandazwa maili kwa maili kutenga shamba na shamba, na kutenga zaidi mwenye shamba na asiye nalo. Baada ya Uhuru wa Kenya mwaka 1963 mashamba mengi makubwa yakagawanywa, nguzo zikaoza, na nyaya zilizokuwa zikisema usipite hapa zikabaki zimelala katika nyasi. Ni watoto waliozizoa, wakazitia koleo, wakazifanya magari ya kupitia kila mahali. Sijui kama kuna watu wazima waliowahi kuupatia mpaka matumizi bora kuliko hayo.

Na juu ya malori na kombaini palikuwa na Safari. Mashindano yale ya magari, yaliyoanzishwa mwaka wa 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalikuwa kwa miaka mingi sikukuu ya pili ndani ya Pasaka, na mvua za masika zikiyageuza kuwa vita vya matope. Bingwa aliyependwa na mafundi wadogo kupita wengine alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, upande wa pili wa msitu wa Mau, aliyekuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva mashuhuri, naye alishinda mwaka wa 1965 kwa Volvo, kisha mwaka wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Gari la mashindano hupita mbele ya mtazamaji kwa muda mfupi kuliko muda wa kuvuta pumzi mbili. Na katika muda huo mtoto alipaswa kuchukua kila kitu atakachokihitaji, umbo la paa, idadi ya taa za mbele, vikinga matope vinavyopepea nyuma ya matairi, kwa maana gari halirudi na picha hana. Jioni ya siku hiyo koleo ziliazimwa nyumba kwa nyumba, na kabla ya shule kufunguliwa Lancer ya waya ilikuwa barabarani.

Ninatambua kwamba kuna fani nyingine iliyo jamaa ya hii, nayo ni ya magari madogo yaongozwayo kwa redio. Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mwaka wa 1898 mashua ndogo iliyotii amri pasipo kamba wala waya. Mwaka wa 1966 kampuni ya Kitaliano ya Elettronica Giocattoli ikauza Ferrari ndogo iliyotii vivyo hivyo. Na mwaka wa 1979 Tamiya ya Japani ikatoa Sand Scorcher, iliyoigwa kutoka magari ya Volkswagen yaliyogeuzwa kwa ajili ya kukimbizwa mchangani. Tangu zama hizo wapo watu wazima wanaoteremka fukweni na magari hayo, wakayaacha yaruke juu ya matuta ya mchanga, kisha wakarudi nyumbani kufungua skurubu moja baada ya nyingine, kuondoa chembe za mchanga katika gia na kupaka mafuta beringi kabla chumvi ya bahari haijazila. Watu hao ninawaheshimu. Wengi wao hununua gari likiwa vipande, kwa khiari yao, ili walijenge wenyewe. Na yeyote anayesema kwamba gari la waya ni alama ya dhiki, na kwamba dhiki ikiondoka liondoke nalo, basi na anieleze kwa nini matajiri hulipa fedha ili wapate ile taabu ambayo mtoto wa Mau Narok aliipata bure. Hata hivyo redio hupeleka amri tu. Haimrudishii dereva pigo la jiwe. Katika jambo hilo moja, waya wa seng'enge haujapata mshindani.

Pwani yetu wenyewe inayo fani yake iliyo pacha wa hii. Watoto wa Unguja huchonga ngalawa ndogo kwa vipande vya mbao na ndara zilizotupwa na bahari, wakazitia tanga la mfuko wa plastiki, wakashindana nazo katika maji ya kina kifupi; na mtoto ambaye ngalawa yake imepinduka hujua mara moja kama kosa liko katika tanga au katika ndubi, kwa kuwa vyote viwili ni kazi ya mikono yake. Mtoto wa ngano na mtoto wa bahari hawajapata kuonana, lakini wamesoma chuo kimoja.

Chuo hicho sasa kinafungwa. Maduka ya Nakuru yamejaa magari ya plastiki yaliyofika Mombasa kwa makontena, yenye rangi za kupendeza na taa za kumetameta, ambayo hukimbia vizuri mpaka jino moja la gia livunjike. Na kwa kuwa yalifungwa ili yasifunguliwe, hutupwa siku hiyohiyo, wala mtoto hajifunzi kutoka kwake ila namna ya kuomba jingine. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kufundishwa nchini kote mwaka wa 2019, ulikuja na nia njema ya kumrudishia mtoto kazi ya mikono. Lakini mara ngapi mwalimu ameagiza kila mwanafunzi alete chombo alichokiunda, na mzazi, kwa kuona haya au kwa kukosa subira, akakiunda yeye usiku, au akakinunua kwa fundi, na mtoto akasifiwa kwa kitu ambacho hakukitazama hata mara moja? Safari nayo, iliyokuwa imetoweka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka wa 2002, ilirejea mwaka wa 2021 na makao yake Naivasha, magari yakakimbia Soysambu na Elementaita katika vumbi laini kama mchanga wa ufukweni. Na kando ya njia umati mkubwa uliinua simu, ukaikabidhi mashine ndogo kazi ya kuona. Picha zilibaki katika simu. Sikuona Toyota ya waya msimu ule.

Tulidhani tunawahurumia watoto tulipowaondolea waya mikononi, kwa kuwa huchoma, na koleo, kwa kuwa hubana vidole. Na ni kweli kwamba vidole vyao sasa ni salama. Lakini hayupo aliyejiuliza macho yao yatafanya kazi gani baada ya hapo. Mafundi wa jua kali wanaochomelea mageti na kufufua injini katika jiji la Nakuru, wengi wao ukiwauliza walianzia wapi, watakutajia gari la waya kabla ya kumtaja mwalimu. Na mafundi hao wanazeeka. Ikiwa hatutawaachia wadogo wao angalau kona moja ya ua, kipande cha waya na alasiri isiyo na amri ya mtu, tutalea kizazi kitakachomiliki mashine za kila namna na kisichoweza kuonyesha ni gurudumu lipi linaloigeuza kombaini. Na siku mashine hizo zitakapokwama katika matope ya Mau, kitabaki kumngojea fundi ambaye hatukumlea.