Mapanki, Bunduki na Uraia

Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ilionyeshwa kwanza mwaka 2004 na kushindania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Nchini Tanzania imezoeleka kwa jina jingine: filamu ya mapanki. Jina hilo hakulitoa mtengenezaji wake, mzaliwa wa Austria. Wamelitoa Waswahili wenyewe, nalo limebeba hukumu ndani yake. Mapanki ni vichwa na mifupa ya sangara vinavyosalia baada ya viwanda vya Mwanza kukata minofu na kuisafirisha Ulaya. Anayeiita filamu kwa jina la mabaki amekwisha kukiri ni picha ipi iliyomchoma: ile ya mwanamke aliyesimama kati ya vichwa vya samaki vilivyojaa funza, akivianika juani.

Uzuri wa filamu hii uko katika utulivu wake. Haina msimulizi wa kumshika mtazamaji mkono. Mlinzi wa usiku wa kituo cha utafiti wa uvuvi, mwenye upinde na mishale ya sumu, anaieleza vita kama mtu anayezungumzia ajira. Watoto wa mitaani wanapigania wali. Marubani kutoka nchi zilizokuwa za Kisovieti wanaona haya kusema ndege zao hubeba nini zinapokuja. Mwenye macho haambiwi tazama, na Sauper anaamini kwamba mtazamaji ana macho.

Kasoro yake imo mumo humo. Swali linalorudiwa tangu mwanzo hadi mwisho ni la silaha, lakini hakuna bunduki hata moja inayoonekana ikishushwa Mwanza. Yapo maelezo ya mwandishi wa habari wa mjini humo, na lipo ungamo la rubani aliyepeleka zana za kivita Angola, kisha akapitia Johannesburg kuchukua zabibu. Ungamo hilo ni zito, lakini Angola si Mwanza. Filamu inaziba pengo hilo kwa hekima ya barazani: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hekima hiyo yatosha kumfanya mtu awe na hadhari. Haitoshi kuwa ushahidi. Aidha, sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 na kuwamaliza furu wengi ndiye pia aliyewapa wavuvi, wachuuzi na wafanyakazi wa viwandani riziki. Upande huo wa mizani filamu imeugusa kwa ncha ya kidole tu.

Kasoro za namna hii hujibiwa kwa hoja. Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu filamu hadharani, akikana habari za silaha na kusema kwamba inaichafua nchi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na hofu yake haikuwa ya kubuni: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulikwisha kuzuia samaki wa ziwa hilo kwa muda, na pwani nzima ikaonja maumivu. Kiongozi anayejibu filamu kwa hotuba yumo ndani ya uwanja wa demokrasia. Mambo yaliharibika baada ya hotuba. Mwandishi wa habari aliyezungumza ndani ya filamu alijikuta mikononi mwa polisi, na swali aliloulizwa halikuwa tena kama aliyoyasema ni kweli, bali kama yeye ni raia.

Huko Ufaransa shauri lilikwenda njia nyingine. Mwanahistoria François Garçon aliandika kuipinga filamu, akidai kwamba imemhadaa mtazamaji. Sauper alimshtaki kwa kashfa, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa ushindi. Mtu anaweza kulalamika kwamba msanii anayedai uhuru wa kusema hakupaswa kumburuta mhakiki wake mahakamani. Hata hivyo, shauri lilikuwa juu ya maneno yaliyoandikwa. Hakuna aliyemuuliza Garçon babu yake alizikwa wapi.

Nchini, swali la babu lina historia yake. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mhariri aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, si raia. Visiwani, Ali Nabwa, mhariri wa gazeti la Dira, naye alitiliwa shaka uraia wake, na Novemba 2003 gazeti lenyewe likafungiwa. Mwaka 2019 Erick Kabendera alipokamatwa, maelezo ya kwanza ya polisi yalihusu uraia. Mashtaka ya uhujumu uchumi yalifuata baadaye. Ulimwengu na Kabendera wote wana asili ya Kagera, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza, ambako mipaka ilichorwa na wageni katikati ya koo na lugha. Huko ni rahisi mno kumwambia mtu kwamba nyumbani kwake ni kwingine.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni. Haisemi kila raia. Na mwezi Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Sheria mbovu ya magazeti, basi, hupelekwa mahakamani ikapimwa. Tuhuma ya uraia ni silaha ya aina nyingine. Haimwambii mwandishi kwamba amekosea. Inamwondolea ardhi aliyosimama, kisha inamwachia yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba amezaliwa.

Sauper alizitafuta bunduki katika matumbo ya ndege na hakuzionyesha. Miaka miwili baada ya filamu yake, usalama wa taifa ulitajwa dhidi ya watu waliosema, na mapanki yakaendelea kukaangwa. Anayeitazama filamu hii leo ana haki ya kuikatalia hitimisho lake kuhusu silaha. Ila akumbuke kwamba haki hiyo ya kukataa ni ileile aliyonyang'anywa, kwa siku kadhaa za mwaka 2006, mtu wa Mwanza aliyekubali kujibu swali mbele ya kamera.