Kunoa Jibu la Baiskeli

Je, unaendesha baiskeli? Swali jepesi kama hilo laweza kumkuta mtu katika sehemu ya kwanza ya mtihani wa kuzungumza Kiingereza wa IELTS, ambao Watanzania wengi huufanya wakiomba kusoma au kufanya kazi ng'ambo. Mazungumzo yote ni dakika 11 hadi 14. Sehemu hiyo ya kwanza ni dakika 4 au 5 tu. Lakini ni katika maswali mepesi kama hayo ninapouona ufundi wa mwalimu mzuri wa Kiingereza, na ufundi huo nauheshimu sana.

Chukua muuguzi wa Ifakara anayejiandaa. Jibu lake la kwanza huwa la kukariri: baiskeli haichafui hewa, inajenga afya, inapunguza foleni. Mwalimu humsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha humuuliza taratibu: "Foleni ya Ifakara iko wapi, dada?" Hapo kazi inaanza.

Maana bonde la Kilombero, iliko Ifakara, limejaa majibu. Ardhi ni tambarare, na baiskeli ni ya wake kwa waume. Inabeba gunia la mpunga, mkungu wa ndizi, mtoto anayepelekwa kliniki. Watoto hujifunzia baiskeli za wakubwa, mguu mmoja wameupitisha ndani ya fremu kwa kuwa kitini hawafiki. Masika yakikolea njia hugeuka tope, na mwenye baiskeli hushuka akaisukuma. Muuguzi anayajua yote haya; hakudhani tu kwamba yanafaa kusemwa mbele ya mtahini.

Mwalimu humwomba aanze upya, sentensi mbili au tatu, kisha hurekebisha jambo moja. Leo ni nyakati, ili aliyoyafanya utotoni yasichanganyike na anayoyafanya sasa. Kesho ni jinsia: kwetu "yeye" ni mmoja, Kiingereza kinatenganisha mwanamume na mwanamke, na asipoangalia, mama yake aliyemfundisha kuendesha atageuka baba katikati ya hadithi. Keshokutwa ni mkazo, kwani tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Waingereza hulitamka jina la baiskeli kwa kukaza mwanzo. Ndivyo fundi anavyonyoosha rimu iliyopinda: hukaza spoku moja kidogo, huzungusha gurudumu, hutazama, ndipo ahamie nyingine. Akizikaza zote kwa pupa, rimu inazidi kupinda.

Subira hiyo ina sababu. Mtahini hupima mambo manne kwa uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Anayekosolewa kila neno huanza kuogopa kusema, na mtiririko ukavunjika kabla sarufi haijatengemaa. Lafudhi ya Kitanzania si kosa. Kinachotakiwa ni kueleweka. Msamiati nao haudai maneno mazito. Anayeweza kueleza kwa Kiingereza namna gunia linavyofungwa kwenye keria kwa mpira, au mnyororo unavyochomoka ukilegea, ameonyesha uwezo kuliko anayerudia "mazingira" kila sentensi.

Faida yake huonekana mtahini anapouliza zaidi: usafiri umebadilikaje kwenu? Jibu la kukariri hukwama hapo. Muuguzi wetu anaendelea: bodaboda zimeongezeka, na tangu Daraja la Magufuli lizinduliwe mwaka 2018, watu wanavuka mto Kilombero bila kungoja kivuko. Hata hivyo wakulima wengi bado huenda shamba kwa baiskeli, kwa sababu haidai mafuta. Huenda akateleza neno moja au mawili, lakini hakwami, kwani anasimulia anachokijua.

Mwalimu angeweza kumwandikia jibu zuri siku ya kwanza na kumwambia alimeze. Alichagua njia ndefu ya kuuliza, kusikiliza na kurekebisha jambo moja moja, na kwa njia hiyo muuguzi amepata uwezo wa kujibu hata swali ambalo hawakulifanyia mazoezi.