Tahakiki ya Nadharia ya Hobbs Kuhusu Kujipinda kwa Mabomba ya Moto Chini ya Bahari

Makala ya Hobbs ya mwaka 1984 kuhusu kujipinda kwa mabomba yaliyopashwa joto ingali msingi wa usanifu wa mabomba ya mafuta na gesi yanayolazwa sakafuni mwa bahari. Hoja ya tahakiki hii ni kwamba nadharia hiyo inajibu vyema swali la iwapo bomba linaweza kujipinda, lakini haijibu litajipinda wapi, wala litastahimili kupashwa joto na kupoa mara ngapi.

Chanzo cha tatizo ni joto. Feleji ikipashwa nyuzijoto 80 za Selsiasi zaidi ya joto la awali, hurefuka takriban mita 0.94 kwa kila kilomita. Urefukaji huo ukizuiwa na msuguano wa udongo, bomba lenye kipenyo cha milimita 406 na ukuta wa milimita 15 hubeba kani ya mgandamizo ya takriban meganyutoni 3.6, sawa na uzito wa tani 360 hivi. Shinikizo la ndani huongeza msukumo huo wa kujipinda.

Ubora wa Hobbs ni kurithi uchanganuzi wa reli zinazopinda kwa jua na kuutumia kupata kiwango cha chini cha joto ambacho chini yake pindo haliwezi kudumu. Kwa fomula chache, msanifu hujua mapema kama hatari ipo.

Udhaifu wake umo katika dhana zake. Bomba huchukuliwa kuwa limenyooka kabisa, feleji kuwa nyumbufu daima, na msuguano kuwa haubadiliki. Dhana ya msuguano ndiyo nzito zaidi. Msuguano mkubwa wa pembeni huchelewesha pindo, lakini linapotokea huwa kali na hulemea ukuta wa bomba. Msuguano mdogo wa mhimili nao huruhusu bomba lililo jirani kuingia kwa wingi katika pindo. Kwa hiyo hakuna thamani moja ya msuguano inayoweza kuitwa salama kwa kila hesabu. Aidha, kila bomba linapopashwa joto na kupoa, husukuma udongo na kujenga kingo pembeni, hivyo ukinzani wa leo si wa mwaka ujao.

Gharama ya pengo hili ilidhihirika katika Ghuba ya Guanabara, Brazili, Januari 2000. Bomba la moto lilijipinda kando, likapasuka, na takriban lita milioni 1.3 za mafuta zikamwagika hadi kwenye mikoko ambayo wavuvi waliitegemea.

Usanifu wa baadaye umeacha kulizuia kila pindo. Bomba hulazwa kwa mikunjo ya makusudi au juu ya vizingiti, ili urefukaji ugawanywe katika mapindo mengi madogo yaliyopangwa, na kila pindo hupimwa kwa mgeuko wa umbo na uchovu wa feleji. Mbinu hii ni bora, lakini inategemea vipimo vya udongo wa mahali husika. Tasnifu inayotumia Hobbs peke yake kuthibitisha usalama, bila vipimo hivyo, itakuwa imethibitisha usalama wa bomba lililo karatasini tu.