Upelelezi wa Mezani

Michezo ya binadamu ni ya aina nyingi. Ipo itakayo nguvu za miguu, ipo itakayo wepesi wa mkono, na ipo itegemeayo bahati, ambayo dadu hurushwa na mjinga akamshinda mwerevu. Michezo imtakayo mtu asome ni michache sana. Katika hiyo michache nimechagua mmoja niutie katika mizani mbele yako, msomaji, tuone uzito wake. Jina lake ni Sherlock Holmes Consulting Detective, yaani Sherlock Holmes, mpelelezi mshauri. Ulitungwa na Raymond Edwards, Suzanne Goldberg na Gary Grady, ukatolewa Marekani mwaka 1981. Mwaka 1985 ulipata Ujerumani tuzo ya mchezo bora wa mwaka, tuzo yenye heshima kubwa miongoni mwa wapenzi wa michezo ya mezani. Tangu hapo umechapwa tena mara kadhaa, na hata leo wapo wanaoucheza.

Mchezo ujitwikao jina la mtu wa riwaya hujitwika deni pia. Hapana budi tuuulize: je, umerithi akili ya mwandishi, au umeazima kofia na kiko tu? Ili tulijibu swali hilo, yatupasa kwanza tumjue mwandishi mwenyewe.

Arthur Conan Doyle alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1859, akasomea udaktari katika chuo kikuu cha mji huo. Mmoja wa walimu wake, Dakta Joseph Bell, alikuwa hodari wa kumtazama mgonjwa na kueleza kazi yake kabla mgonjwa hajasimulia habari zake. Kutokana na mwalimu huyo Doyle alimuumba Sherlock Holmes, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1887 katika riwaya ya A Study in Scarlet. Kwa jumla Doyle alimwandikia mpelelezi wake riwaya 4 na hadithi fupi 56, na karibu zote husimuliwa na Dakta Watson, rafiki yake Holmes.

Watson ni mtu mwema, shujaa na msema kweli, lakini huona mengi na kutambua machache. Mwandishi alimfanya hivyo kwa kusudi. Sisi wasomaji hukaa nyuma ya Watson kama watazamaji waliokaa nyuma ya mtu mrefu. Holmes huinama, huokota kitu sakafuni, hukitia mfukoni, na aghalabu hatuambiwi ni kitu gani mpaka mkosaji amekwisha kutiwa pingu. Hapo twamstaajabia Holmes, walakini hatukupewa nafasi ya kushindana naye. Hadithi ni tamu, lakini si haki kabisa kwa msomaji.

Sasa tufungue sanduku la mchezo. Ndani yake hamna dadu wala karata. Mna ramani kubwa ya London, mna kitabu cha anwani za watu na maduka, mna magazeti, na mna vitabu vya mikasa, ambayo katika sanduku la kwanza ni 10. Zama zake ni zile za mwisho wa karne ya 19, wakati London ilipokuwa mji wa ukungu, taa za gesi na magari ya farasi. Mchezaji mmoja huwasomea wenzake utangulizi kwa sauti. Mathalan mtu ameuawa, na aliyemwua hajulikani. Kisha wachezaji hushauriana: twende wapi kwanza? Wakitaka kumwona mjane wa marehemu, hulitafuta jina lake katika kitabu cha anwani, hupata mtaa na namba, halafu hukifungua kitabu cha mkasa penye namba ile. Pengine hukuta mazungumzo marefu yenye mambo mengi. Pengine hawakuti neno lolote, kama watu waliopiga hodi katika nyumba isiyo na mtu. Wapo pia wasaidizi wa kudumu, kama Inspekta Lestrade wa polisi, na daktari achunguzaye maiti. Wachezaji wakiona wamejua ya kutosha, huyajibu maswali yaliyo mwishoni mwa kitabu, kisha husoma jinsi Holmes mwenyewe alivyoutegua mkasa.

Sifa ya kwanza ya mchezo huu yatoka hapo. Umemwondoa yule mtu mrefu aliyekuwa ametuziba. Yote ayajuayo Holmes yamo katika sanduku, nawe waweza kuyasoma. Kwa namna hii mchezo ni uhakiki wa riwaya: umeona palipokuwa na upungufu katika usimulizi wa Doyle, ukaurekebisha bila ya kumvunjia heshima.

Tutoe mfano wa kubuni, nisije nikakuharibia utamu wa mikasa yenyewe. Tuseme mtumishi asema kwamba bwana wake alitoka nyumbani usiku kwenda kutazama tamthilia katika jumba fulani. Maneno hayo hayana doa. Lakini katika gazeti la siku ile, chini ya tangazo la sabuni, pana mistari miwili isemayo kwamba jumba lile limefungwa juma zima kwa ajili ya matengenezo. Msomaji wa haraka ataipita mistari ile. Msomaji mtulivu atasimama na kuuliza: basi bwana yule alikwenda wapi? Je, mtumishi amedanganya, au amedanganywa? Hapana aliyempigia kengele kumwambia kuwa amepata dalili, wala mistari ile haikuandikwa kwa wino mwekundu. Dalili haiwi dalili mpaka msomaji aitambue.

Msomaji, hiyo ndiyo kazi ya kusoma fasihi yoyote. Mwandishi mzuri hakuandikii pembeni kwamba neno hili ni zito na lile ni jepesi. Hukuwekea yote mbele yako, tangazo la sabuni pamoja na kifo, akakuachia wewe kupima. Tena katika mchezo huu gazeti la mkasa uliopita laweza kuwa na habari ifaayo katika mkasa wa leo, kwa hiyo aliyesoma na kusahau hurudi nyuma, na aliyesoma na kukumbuka husonga mbele.

Sifa ya pili ni cheo wapewacho wachezaji. Hawaambiwi kwamba wao ni Holmes. Huambiwa kuwa ni wale watoto wa mitaani waliokuwa wakimsaidia Holmes, wenye kiongozi wao aitwaye Wiggins. Watoto hao Doyle aliwatia katika riwaya yake ya kwanza, akawarudisha tena katika The Sign of Four ya mwaka 1890. Walikuwa wachafu, wamevaa matambara, na Holmes alimlipa kila mmoja shilingi moja. Walakini Holmes alisema wazi kwamba mtoto mmoja wa namna ile hufaa kuliko polisi wengi, kwa sababu huenda kila mahali na kusikia kila kitu, wala hapana mtu amwonaye kuwa wa kuogopwa. Katika riwaya watoto hawa huja, hutumwa, hupotea. Katika mchezo wao ndio wenye mkasa. Naona uamuzi huo ni wa busara. Mwandishi aliwapa watoto miguu na masikio, na mchezo umewapa akili.

Hata hivyo mhakiki asiyeona ila ni mpambe wa bwana harusi tu. Mchezo huu una ila, na kubwa kuliko zote ni hesabu yake ya alama. Maswali yakisha kujibiwa, wachezaji huhesabu mahali walipokwenda, wakalinganisha na mahali alipokwenda Holmes. Holmes ndiye kipimo, naye ana alama 100. Kwa kila mahali walipomzidi, wachezaji hukatwa alama 5. Ukizuru mahali 10 zaidi yake umepoteza alama 50, hata ikiwa umemjua mwuaji, umeijua sababu ya mauaji, na umeyajibu maswali yote sawasawa.

Tazama matokeo yake. Kundi la wachezaji linataka kumwona mpishi wa nyumba, maana huenda mpishi alisikia neno. Lakini mmoja wao anasema: tusiende, tutakatwa alama. Basi hawaendi. Wanakisia. Pengine makisio yao yanapata, wakashangilia. Lakini wamefundishwa jambo baya, kwamba kutojua kwa bei nafuu ni bora kuliko kujua kwa gharama. Mtetezi wa mchezo aweza kusema kwamba hesabu hii yamzuia mchezaji kugonga kila mlango wa London bila ya kufikiri, na kwamba mpelelezi wa kweli hufikiri kabla ya kutembea. Neno lake lina haki ndani yake. Pasipo kizuizi chochote mchezo ungekuwa kusoma kitabu kizima toka mwanzo hata mwisho, na ushauriano wote ungekufa. Lakini kizuizi ni jambo moja, na adhabu nzito ni jambo jingine.

Tena hesabu hii yamsingizia Holmes. Holmes wa Doyle hakuwa mtu wa makisio. Katika A Study in Scarlet aliukagua ukumbi wa maiti kwa muda wa dakika 20 na zaidi, akipima kwa kamba, akipiga magoti, akilala kifudifudi sakafuni, akisoma ukuta kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingine alijigeuza sura akazunguka mjini siku nzima kutafuta habari moja ndogo. Wepesi wake wa kuamua ulitokana na uzito wa kazi yake. Watungaji wa mchezo wameikumbuka akili ya Holmes wakayasahau magoti yake. Kwa hiyo nakushauri, ukipata nafasi ya kuucheza, uyajibu maswali, uusome ufumbuzi, na hesabu ya alama uiache isimame kando kama mgeni asiyealikwa.

Ila ya pili ni ndogo, tena haiepukiki. Kila mkasa huchezwa mara moja tu. Ni kama kitendawili: kikisha kuteguliwa, hakitegi tena. Hapo riwaya yaushinda mchezo. Waweza kuisoma hadithi ya Doyle mara ya tatu huku wamjua mkosaji, ukafurahia mazungumzo, na usiku wa London, na urafiki wa watu wawili wasiofanana. Mchezo umejengwa juu ya siri, na siri ikitoka sehemu kubwa ya thamani yake imetoka.

Limebaki jambo moja, nami nililiweka mwisho kwa sababu lakuhusu wewe zaidi. Ufumbuzi wa mkasa umo katika kitabu kilekile mlicho nacho mkononi. Hapana mwamuzi, hapana kufuli, hapana wa kukuzuia usifungue kurasa za mwisho ukalisoma jina la mwuaji. Mchezo wote umesimama juu ya uaminifu wa wachezaji. Afunguaye mapema hakumwibia mtu mwingine. Amejiibia mwenyewe saa mbili za kufikiri, akabaki na jina la mtu asiyemjua, aliyefanya tendo asilolielewa.

Mwanafunzi husomeshwa riwaya na tamthilia ili atahiniwe. Pembeni ya riwaya huuzwa kitabu cha mwongozo, chenye muhtasari wa sura, sifa za wahusika na maudhui yaliyohesabiwa moja, mbili, tatu. Mwongozo wafaa kwa aliyekwisha kusoma, maana humwonyesha alichokipita. Kwa asiyesoma, huo ni ukurasa wa mwisho uliofunguliwa mapema. Atayajua majibu, wala hatajua yametoka katika maneno gani. Mtahini akigeuza swali kidogo, atasimama kama mtu aliyeshuka usiku katika mji asio na ramani yake.

Kujaribu mazoezi haya si lazima uwe na sanduku la mchezo. Kiswahili kina mpelelezi wake, Bwana Msa, aliyeumbwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la utungaji wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957/58, ikachapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1960. Wahakiki wengi wameona kivuli cha Holmes nyuma ya Bwana Msa na kiko chake, na kivuli cha Watson nyuma ya rafiki yake Najum. Ichukue riwaya hiyo uisome kwa namna ya mchezo. Andika katika karatasi majina ya watu, mahali walipokuwa, na neno alilolisema kila mmoja. Fika karibu na mwisho, ukifunge kitabu, umtaje mkosaji na uandike sababu zako. Kisha fungua, ujilinganishe na Bwana Msa. Ukiwa umekosea, rudi nyuma uutafute mstari ulioupita. Mstari ule hutausahau.

Basi hukumu yangu ni hii. Mchezo wa Edwards, Goldberg na Grady umelilipa deni lake kwa Doyle, ila kwa upande wa alama, ambako umelipa fedha pungufu. Kofia na kiko hauna haja navyo; umechukua kilicho bora zaidi katika kazi ya mwandishi, nacho ni imani kwamba dunia yaweza kusomwa na mtu mwenye subira. Mchezo mwingi humwacha mtu na ushindi au ushindwa, vikapoa kabla ya kulala. Huu humwacha na tabia ya kutazama mara ya pili, naye aweza kwenda nayo katika kila kitabu atakachokifungua.