Lori limelala, moto bado haujawaka

Mwaka 2000 lori la mafuta lilipinduka Idweli, kata ya Isongole, wilayani Rungwe, kwenye barabara inayotoka Uyole kwenda Tukuyu. Wanakijiji wakaja na ndoo na madumu. Moto ukawakuta wanachota, na makumi wakafa. Miaka 19 baadaye, asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, yakatokea hayohayo Msamvu, Morogoro, na waliopoteza maisha wakapita 100. Kote kuwili watu walijaa kabla cheche haijaonekana, na kwa kamanda wa zimamoto hicho ndicho kipindi kigumu kuliko vyote.

Moto unaowaka hufukuza watu wenyewe. Lori lililolala kimya huwavuta. Na ukimya huo hauna usalama wowote: petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi kali ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse baridi ya Isongole. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Hutambaa, hushuka mitaroni, hukaa kwenye mabonde. Ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa, pikipiki moja ikipigwa kiki inatosha.

Mwongozo wa vikosi vya Amerika ya Kaskazini unataka watu waondolewe mita 50 pande zote petroli inapomwagika, na kama imemwagika nyingi, hadi mita 300 upande unakoelekea upepo. Tenki likishika moto, mita 800 pande zote. Ni vipimo vizuri vya kuanzia, ila Rungwe inadai zaidi ya duara. Hii ni wilaya ya miteremko na mvua nyingi, na mitaro ya barabara imechimbwa iondoe maji haraka. Itaondoa petroli haraka vilevile, ikaipeleka kwenye nyumba ambazo wenyewe hata hawajaliona lori. Kamanda anayefika hapo afuate kwanza mtaro kwa macho hadi unakoishia, ndipo apange mipaka. Gari lake aliegeshe upande wa juu, upepo ukimtoka mgongoni. Upepo na mwinuko vikigongana, yaani upepo unapanda mlima, asogee pembeni na mbali zaidi. Siku ya ukungu usio na upepo, mwinuko ndio uamue.

Mtafiti wa Marekani, Gary Klein, aliyewachunguza makamanda wa zimamoto miaka ya 1980, aliona kwamba mara nyingi hawapimi njia mbili au tatu kwa kuzilinganisha. Huitambua hali kwa kufanana na waliyoyapitia, wakachukua hatua ya kwanza inayofaa. Uzoefu huo huokoa dakika. Lakini askari aliyezoea moto wa maduka na nyumba, mkono wake utakwenda kwenye mpira wa maji, na hapa maji yanaweza kuharibu. Petroli huelea, ukiipiga maji ya nguvu unaisukuma mtaroni, na povu la kuzimia moto lililokwisha kutandazwa unalipasua.

Ndiyo maana nayapenda maswali matatu ambayo Sabrina Cohen-Hatton, afisa wa zimamoto na mtafiti wa Uingereza, aliwafundisha makamanda wajiulize kabla ya kutoa amri: nataka kufikia nini, nikifanya hivi kitafuata nini, na faida yake inastahili hatari ninayoiingia? Yajibiwe Isongole. Lengo ni watu watoke, wala si lori lipone. Povu ni kidogo, kwa hiyo litandazwe kwanza palipo na dereva aliyebanwa, kwa sababu ni uhai wake pekee unaohalalisha askari kuingia kwenye mvuke. Kama dereva ametoka, hakuna sababu ya mtu yeyote kulisogelea tenki mapema. Mtaro uzibwe kwa udongo mbali kule chini, mbele ya mafuta, kabla hayajaufikia mto Kiwira. Kazi hiyo inahitaji majembe na watu wengi, na vijana waliokuja na madumu wakipewa kazi yenye maana mahali salama, wataliacha lori bila kupigwa virungu.

Lakini hata gari la zimamoto likiondoka papo hapo, wenye madumu watakuwa wametangulia. Uamuzi wa kwanza basi unafanywa na anayepokea simu ya 114. Amuulize mpigaji ni mafuta gani, yanavuja au hayavuji, na yanatiririkia upande gani. Kisha, kabla hajakata, amwombe amtafute mwenyekiti wa kitongoji, ili magari na bodaboda visimamishwe mbali juu na chini ya lori, na mtu yeyote aliye karibu na tenki asiwashe pikipiki bali aiache hapo na aondoke kwa miguu.