Joto Chini ya Utando: Namna Konka za Pua Zinavyopunguzwa Bila Kukatwa

Kuziba kwa pua kusikokwisha, hata baada ya mgonjwa kutumia dawa ya steroidi ya kupulizia, mara nyingi hutokana na uvimbe wa konka za chini, yaani vikunjo vya mfupa vilivyofunikwa kwa tishu laini yenye mishipa mingi ya damu, ambavyo huipasha hewa joto, huitia unyevu na kuichuja kabla haijafika mapafuni. Zamani wapasuaji walizikata konka hizo, pengine zote, na njia ikapanuka kweli. Lakini baadhi ya wagonjwa, ajabu, walilalamika kwamba hawapumui ilhali pua zao zi wazi, kwa kuwa ubongo huitambua hewa inayoingia kwa ubaridi unaohisiwa na neva za utando unaozifunika konka, nao utando wenyewe ulikuwa umeondoshwa.

Kwa hiyo uzito wa jaribio la kupunguza konka kwa joto lililofanywa na Kasey Li, Nelson Powell na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford, lililochapishwa mwaka 1998 na kuhusisha wagonjwa 22, uko zaidi katika kile walichokiacha bila kukigusa, yaani utando. Katika tiba hiyo, konka hutiwa ganzi mgonjwa akiwa macho, kisha elektrodi nyembamba huchomwa upande wa mbele na kusukumwa ndani ya tishu, chini ya utando, ambapo umeme wa masafa ya redio huzitikisa ayoni, yaani chembe zenye chaji zilizomo katika majimaji ya tishu, na msuguano wa chembe hizo ndio unaozaa joto. Joto hilo hudhibitiwa lisipite takribani nyuzi 90 za Selsiasi, wakati uunguzaji wa kawaida wa umeme hufikia mamia ya nyuzi, na sehemu ya elektrodi inayopita kwenye utando hufunikwa kwa kihami ili uso usiungue. Siku za mwanzo pua huziba zaidi kwa uvimbe. Nafuu huja baada ya majuma kadhaa, tishu iliyokufa ikiisha kufyonzwa na kovu likijikunja.

Hata hivyo, jaribio la mwaka 2004 lililolinganisha tiba hii na tiba ya kuigiza lilionyesha kwamba hata walioigiziwa walijiona wamepata nafuu, ingawa waliotibiwa kweli waliwazidi. Hivyo kauli ya mgonjwa peke yake ni kipimo dhaifu. Tena, pale ambapo kizuizi ni ukuta wa kati wa pua uliopinda, elektrodi haina la kufanya, kwa kuwa hainyooshi gegedu wala mfupa.